Kopi kwa Papa Edouard

Somo la siku hiyo lilihusu kujua unamwandikia nani. Séraphine aliwaeleza mama waliokaa kwenye mabenchi ya ukumbi wa parokia, pale Kituku kando ya ziwa, kwamba barua pepe kwa ndugu si sawa na barua pepe kwa mkubwa. Kwa ndugu unaanza popote. Kwa mkubwa unaanza na heshima, unasema shida moja, unaomba jambo moja, unashukuru, unatoka.

"Kama kuingia ukweni," alisema Mama Rosine, na wenzake wakaangua kicheko.

Séraphine naye alicheka. Alikuwa amemaliza chuo mwaka uliopita na kazi hakuwa nayo, lakini moyo wake ulikuwa mwepesi. Aliamini kabisa kwamba watu wengi hawasaidiwi kwa sababu tu hawajui namna ya kuomba, na kwamba mama hawa wakijua kuandika, milango itafunguka.

Shida ya Mama Rosine ilijulikana na wote. Shirika moja lenye ofisi Lubumbashi liliwajengea wauza samaki wa Kituku chumba cha baridi kinachotumia nguvu ya jua. Ufunguo alipewa Papa Edouard, mratibu wa shirika hapo Kituku. Kidogo kidogo kreti za bia za baa yake zikahamia humo, na samaki wa mama, migebuka, wakaanza kulala nje. Mama Rosine alikuwa mjane aliyekuja na watoto wake kutoka pande za Baraka. Shamba hana, ndugu hana. Samaki wakiharibika, nyumbani kwake hakuliwi.

"Andika hivi," Mama Rosine alimwambia Séraphine. "'Edouard ametunyang'anya frigo. Bia yake inapata baridi, samaki yetu inaoza. Mukuje muone.' Basi."

"Ni kweli, Mama. Lakini Madame Mélanie, mkubwa wa shirika kule Lubumbashi, hajui sisi ni nani. Akiona hasira hatasoma mpaka mwisho."

Akaandika kwa Kifaransa kwenye simu yake, kisha akawasomea kwa Kiswahili: kwa heshima kubwa, wauza samaki walipenda kumjulisha Madame kwamba nafasi waliyotengewa imeanza kupungua, na wangefurahi kama hali hiyo ingeangaliwa.

Mama Rosine alikunja uso. "Na bia umeiweka wapi?"

"Imo ndani ya 'hali hiyo'."

"Imejificha vizuri," alisema Mama Nadine kutoka benchi la nyuma.

"Na hapa," Séraphine aliendelea, akiwaonyesha mahali pa kopi, pa kuandika jina la mwingine atakayeisoma, "tunamuweka Papa Edouard mwenyewe."

"Mutoto, uko muzima?" aliuliza Mama Nadine.

"Hatutamsema mtu mgongoni, Mama. Sisi ni Wakristo. Akisoma mwenyewe, labda ataona haya, atengeneze."

Mama Rosine alifikiri. Barua za marehemu mume wake kwa wakubwa, alisema, zilikuwa na kopi nyingi kuliko maneno. "Muweke. Barua bila kopi haina uzito."

Ikatumwa.

"Meli imeondoka," alisema Mama Nadine. "Tuombe isizame."

Papa Edouard alijibu kabla hawajamaliza sala ya kufunga, na alijibu kwa wote. Barua yake ilikuwa nzuri kuliko ile ya Séraphine. Aliwashukuru mama hodari wa Kituku kwa imani yao, akataja hitilafu ndogo ya mitambo iliyokwisha kurekebishwa, akaambatisha picha ya siku ya uzinduzi: chumba kimejaa samaki, na mbele kabisa Mama Rosine, amevaa kitenge cha Jumapili, anacheka mpaka magego yanaonekana. Jioni Madame Mélanie naye akaandika. Aliwapongeza kwa mawasiliano mazuri. Mengine yote, alisema, wamwone mratibu.

Asubuhi Mama Rosine alifika na beseni lake la samaki. Mlinzi alimwambia jina lake limefutwa kwenye orodha ya chumba cha baridi. Jua lilipofika utosini, samaki walikuwa wamelegea, na aliwamwaga mwenyewe ufukweni.

Séraphine alipanda pikipiki mpaka baa ya Papa Edouard. Mzee alimvutia kiti.

"Keti, binti yangu. Unakunywa nini?"

"Papa, mrudishe Mama Rosine."

"Niliandikiwa nini mimi? Toa simu, usome. Wapi umesema nimeiba? Niliisoma mara mbili, nikasahau kama munanishitaki." Aliinua chupa iliyokuwa ikitiririka maji ya baridi. "Unaandika muzuri, kweli. Ningekuwa na mutoto kama wewe!"

Séraphine alitoka bila kuaga. Akiwa amesimama hapo hapo barabarani alimwandikia Madame Mélanie peke yake, bila kopi: bia, kreti, ufunguo, samaki ufukweni, yote. Jibu lilikuwa la mistari miwili. Madame alishangazwa na lugha hiyo, tofauti sana na ya barua ya kwanza. Kwa ajili ya uwazi, alikuwa ameipeleka kwa mratibu.

Juma lililofuata Mama Rosine aliwahi ukumbini kuliko wengine.

"Leo tufundishe ile ya kuomba musamaha," alisema.

"Mama, hukukosa kitu!"

"Mimi najua. Wewe unajua. Lakini watoto watakula ile? Andika."

Séraphine aliandika kwamba Mama Rosine alielewa vibaya.

"Ongeza: kwa sababu hakusoma."

"Mama, wewe ulisoma mpaka..."

"Ongeza, mwanangu."

Akaongeza. Alimshukuru Papa Edouard kwa uvumilivu wake, akamtakia baraka yeye na nyumba yake, akamtumia. Sentensi zote zilikuwa sawa sawa, kama alivyofundisha.

Jibu lilikuja wakati wengine wanaingia: *Kesho ulete samaki. Utaweka chini, nyuma ya kreti.*

Mama Rosine alipiga kigelegele. Alimshika Séraphine mikono yote miwili, na macho yake yalikuwa yamelowa kweli. "Mungu akubariki, mwalimu. Sasa ndio nimeona faida ya masomo."

Mama Nadine alikuwa amekwisha kusogea karibu, sauti chini.

"Na mimi uniandikie moja kama ile," alisema. "Kabla Edouard hajanikasirikia."