Paka wa Plasta Mlangoni pa Ghala

Jumatatu saa mbili asubuhi, fundi wa nakala alifungua karakana yake katika jumba la makumbusho akakuta paka hayupo. Alikuwa amemaliza kumtengeneza Ijumaa: mifupa mitupu ya plasta, mfano wa paka wa kale aliyekwisha kutoweka duniani, mkubwa kama ndama, meno mawili ya juu marefu kama visu vya jikoni. Alimkuta mwisho wa ukumbi, anakwaruza mlango wa ghala.

"Mlango nimeupaka rangi juzi tu," alilalamika mtunza ghala, ambaye pia ni wifi yake. "Hebu mwondoe."

Fundi alimburuta hadi jukwaani, akamfunga waya miguuni. Jumanne paka alikuwa mlangoni tena. Jumatano vilevile, na vumbi jeupe lilitapakaa ukumbi mzima hata msafishaji akasusa kazi.

"Wifi, fungua aingie, tupumzike."

"Haingii mtu humu bila barua."

"Huyu si mtu."

Wifi akachomoa funguo, akafungua. Paka aliingia, akavuta kwa meno droo iliyoandikwa HALISI, akajilaza kando yake. Fundi akachungulia. Miaka kumi na mmoja iliyopita alipewa mifupa yenyewe kwa siku tatu, akaitolea nakala ya kwanza. Tangu hapo, kila akiiomba, alipewa picha. Sasa aligeuza taya lililokuwa drooni. Kwa chini palikuwa na alama ya dole gumba lake mwenyewe, iliyogandia kwenye plasta.

"Yenyewe iko wapi?"

"Mkurugenzi alisema inakwenda kusafishwa."

"Lini?"

"Kitinda mimba wangu alikuwa hajaota meno. Sasa yuko darasa la tano."

"Na kila mwaka unasaini kwamba ipo?"

"Ningefanyaje, wifi? Likizuka jambo, mimi ndiye nitakayetolewa kafara."

Fundi alipanda ofisini kwa mkurugenzi, akamweleza habari ya droo. Huyo hakuinua hata kichwa.

"Kuna mgeni amelalamika?"

"Hakuna."

"Basi unanipotezea muda."

Alhamisi wakaja wakaguzi wa kila mwaka. Usiku kucha fundi alikuwa amejigeuzageuza kitandani akimfikiria wifi yake, lakini uzalendo ukamshinda. Akawafungulia droo.

"Hii ni plasta," alisema. "Nimeitengeneza kwa mikono yangu. Na yule pale pia."

Paka alijinyoosha, akapita katikati yao, akanusa mkoba wa mkaguzi mkuu. Mkaguzi akampisha kwa adabu.

"Mama," alisema taratibu, kama anayemwelewesha mtoto, "nakala haitembei."

Akaandika: paka wa kale, mmoja, halisi, yupo. Mtunza ghala akasaini bila kumtazama wifi yake.

Mchana huohuo mkurugenzi alimwagiza fundi atoe nakala ya paka huyo haraka, kwa sababu, alisema, kitu halisi hakifai kuachwa kikizurura mbele za wageni.