Rosaire na Wiki ya Kulungu

Nilimwalika Rosaire aje mjini Jumamosi ya kwanza ya uwindaji. Ndiyo, mimi Huguette, mjane mwenye akili timamu, mzaliwa wa Quebec! Nilisahau tu kwamba wiki hiyo wanaume wote huwa porini. Dada yangu Fernande alipopata habari alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi.

"Una wazimu? Wiki ya kulungu hata maiti inasubiri kuzikwa! Haji huyo!"

"Atakuja."

"Akija, mdogo wangu, basi anakupenda kufa. Asipokuja, funga mizigo uende Montréal kwa binti yako, uache kujidanganya."

Aliniweza hapo. Mwaka mzima Rosaire alikuwa akinijia kutoka shambani kwake Charlevoix. Analeta matufaha, anatengeneza bomba, anakula, ananitazama. Neno la mapenzi? Wapi! Na binti yangu alitaka jibu Jumapili hiyo: nahamia kwake au sihami. Nilimweleza Rosaire kwa simu, akaguna tu.

Jumamosi nikashuka ngazi za mji wa chini, moyo unanidunda kama wa msichana. Jamani, nikamwona! Amesimama chini ya ukuta wa zamani, amevaa koti la harusi za watu, nywele amezilaza kwa maji. Nilitaka kupiga vigelegele mbele ya watalii wote.

Tukala pai ya nyama, tukapanda juu kuutazama mto na vilima vya ng'ambo ambavyo majani ya miti yake yameiva wekundu. Lakini akili ya Rosaire haikuwepo. Kila upepo ukitulia, anainua pua.

"Kuna nini?"

"Hakuna."

"Rosaire!"

"Baridi imeshika. Upepo umelala. Leo kulungu wakiitwa wanaitika," akasema, kwa sauti ya mtu aliyefiwa.

Nikamhurumia, nikakasirika, nikacheka, vyote kwa pamoja. "Washa gari," nikamwambia. "Twende kwa huyo mke mwenzangu."

Tukafika kambini kwao kwa uwindaji jua limeinama, mimi na viatu vyangu vya kisigino. Ndugu yake Lionel akatoka na sufuria ya maharage, akaduwaa. Kambi ile haikuwahi kuingiwa na mwanamke wakati wa uwindaji.

"Shemeji," akasema, "karibu. Sheria ni moja tu: huko porini hakuna kuongea."

"Mwambie kaka yako, yeye ndiye domo kaya!"

Akacheka hadi maharage yakamwagika.

Wakanivika mabuti makubwa na kizibao cha rangi ya chungwa. Lionel akaenda upande mmoja wa kinamasi, mimi na Rosaire tukajibanza upande wa pili, nyuma ya magogo. Rosaire akatoa gome la mti alilolikunja kama faneli, akaliweka mdomoni, akaita. Mama yangu! Alilia kama kulungu jike anayetaka mume, sauti ndefu ya kubembeleza, inapanda, inatetemeka, inashuka, inaomba. Maishani mwangu sikuwahi kusikia mwanamume akisihi vile. Nikaona wivu, tena wivu wa kweli, machozi yakanilenga.

Nikamnong'oneza, sheria au si sheria: "Kumbe unajua! Mnyama anapewa yote hayo, mimi mwaka mzima napewa matufaha?"

Akanigeukia, uso umemwiva. Hapohapo vijiti vikavunjika, dume likatokea, kulungu wa kwetu kaskazini, refu kuliko farasi, pembe pana kama masinia mawili. Likasimama wazi kabisa, likimtafuta jike wake. Bunduki ilikuwa mapajani mwa Rosaire, tayari. Maisha yake yote alikuwa hajapata dume la namna ile. Nikaziba mdomo wangu kwa mikono miwili.

Rosaire hakuigusa bunduki.

"Huguette," akasema, akaona haitoshi, akapaza sauti kama mtu anayeita ng'ambo ya mto, "usiende Montréal! Nakupenda, mwanamke wewe! Kaa huku, nikuoe!"

Dume likaruka, likapotea msituni kwa kishindo. Upande wa pili wa kinamasi tukamsikia Lionel akitukana kwa mtindo wetu wa Quebec, anataja kila chombo cha kanisani kimoja baada ya kingine, hata madhabahu haikupona.

Nami nikajibu ndiyo, kwa kelele kumshinda Rosaire, maana sasa hapakuwa na mnyama wa kumfukuza.