Mwenye Gari Amesema

Alhamisi hiyo Wamucii alifika gereji ya Mwai, nyuma ya soko la Karatina, akiwa na kava mpya ya kiti begani, nyeusi yenye mshono mwekundu, kaibeba kama mtoto aliyelala. Akalikuta gari lake limesimama juu kama kuku anayevuka matope.

Aliweka kava kwenye stuli. Akalizunguka gari mara moja bila kusema kitu. Wanaomjua Wamucii hawaogopi akipiga kelele. Akinyamaza ndipo watu huanza kutafuta viatu vyao.

Gari lenyewe ni Toyota Celica ya zamani, milango miwili, ya zile zilizowatia vijana wazimu wakati Wamucii bado anavaa sare ya shule ya msingi. Alilipata Othaya kwenye banda la kahawa la mwalimu mstaafu, kuku wametaga kiti cha nyuma, na mwalimu alifurahia zaidi kuliona likiondoka kuliko alivyofurahia bei. Kazi ya Wamucii ni kushona viti vya magari, na fundi wa viti hana pesa lakini ana watu. Alimshonea mchomeaji viti vya pikapu, naye mchomeaji akamuundia bomba la moshi linalonguruma kama mzee aliyenyimwa supu. Alizivika upya sofa za mke wa fundi wa rangi, gari likawa la bluu. Waya wa kuanikia kahawa ukawa grili. Mpira wa madigadi ya lori aliukata kwa mkono wake mwenyewe, akaufunga chini ya bampa ya mbele, gari likapata mdomo wa kulamba barabara. Naye Mwai alishonewa viti vyote vya matatu yake, malipo yakiwa springi fupi, ili gari likae chini na lishike kona. Kulikuwa na mashindano Nyeri, uwanjani, ya kuzunguka nguzo, gari moja moja. Miaka mitatu Wamucii alikuwa akizizunguka nguzo hizo akilini hata akiwa kanisani.

Sasa zile springi fupi hazikuwa na maana. Ule mdomo wa mpira ulikuwa umekatwa kwa msumeno na kutupwa kwenye pipa la oili chafu. Na juu ya kioo cha mbele, kwa herufi nyeupe zinazosomeka ukiwa ng'ambo ya mto, kulibandikwa jina: MUCHIRI.

Muchiri ni mdogo wake. Muchiri hajawahi kushika hata spana.

"Mwai," aliita.

Mwai alitokea chini ya lori, uso wote grisi. "Aa, Wamucii! Nilidhani utakuja wiki ijayo."

"Hii ni nini?"

"Hiyo ni speisa. Vile vipande tunaweka juu ya springi ndio gari iinuke. Si unajua Jumamosi mnapeleka mahari kule Murang'a? Barabara ya kwa wakwe ati iko na mitaro ya kuzika ng'ombe. Na ile mpira ya mbele ingeng'oka tu."

"Nani alikwambia uweke?"

"Mwenye gari alisema."

Wamucii aligonga lile jina la kwenye kioo kwa kidole.

"Mwenye gari ndiye nani, Mwai?"

Mwai alianza kupangusa mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono. "Si Muchiri? Alikuja hapa na mzee Hezekiah. Sasa mimi ningefanya nini? Baba yenu hayuko. Muchiri ndiye mwanaume wa hiyo boma."

"Na viti vya matatu yako, vilishonwa na mwanaume wa boma?"

"Wee, usilete hiyo maneno."

"Nauliza tu. Labda ni yeye alikuwa amevaa rinda."

Mafundi wengine walicheka hadi mmoja akaangusha jeki. Mwai hakucheka.

"Toa," akasema Wamucii.

"Jumatatu. Naapa Jumatatu asubuhi. Nikitoa sasa mzee Hezekiah atanilaani, na laana ya mzee haina spea."

"Na yangu je?"

"Yako tutaongea," akasema Mwai, akarudi chini ya lori haraka kama panya.

Wamucii aliliendesha gari hadi nyumbani, na kila kona liliyumba kama mlevi anayesalimia watu pande zote mbili. Alimkuta Muchiri sebuleni akijaribu koti la kuendea kwa wakwe zake, na mzee Hezekiah, ndugu ya marehemu baba yao, akinywa uji. Mama alikuwa ameweka goti lake bovu juu ya kigoda. Wamucii hakusalimia mtu.

"Ng'oa jina lako kwa gari yangu."

"Ni ya siku moja tu, Wamucii!" Muchiri akasema. "Si nilikusimulia vile mimi na wazee tulienda kubisha hodi? Tulienda na lori ya kabichi. Watoto wa kule walituuliza kabichi ni pesa ngapi. Unataka waniulize tena?"

"Ungeniuliza mimi."

"Ungekataa."

"Kwa hivyo ulijua!"

Mzee Hezekiah aliweka kikombe chini. Ni mtu wa sauti ya taratibu, ya kutosha kumfanya mtu mzima ajione mtoto. "Mwana wangu, gari ni ya boma. Wewe ni mwanamke. Kesho utaolewa, utaiacha hapa hapa. Sasa unapigania nini?"

"Nina miaka thelathini na tisa, baba. Hiyo kesho yenu inakuja kwa miguu?"

"Usimwaibishe ndugu yako," mama akasema, bila kumtazama.

Hilo ndilo lililomuuma kuliko msumeno. Wamucii alitoa ufunguo mfukoni, akauonyesha, akaurudisha. "Sawa. Tutaenda. Lakini hakuna mkono mwingine utashika usukani."

Muchiri akatabasamu, kwa kuwa alijua mwenyewe angelizima gari hilo kwenye kila mlima. "Ni vizuri. Basi wewe utakuwa dereva."

Jumamosi mama alibaki na goti lake. Mzee Hezekiah alikaa mbele, kofia magotini. Muchiri na Mwai, aliyekuja kama rafiki wa bwana harusi, walikunjwa kiti cha nyuma kama nguo za mtumba. Wengine wote walifuata na pikapu iliyobeba mbuzi. Njia nzima Wamucii alizungumza kwa gia. Kule kwenye kona za kuteremkia Murang'a alizikata kwa hasira hivi kwamba mzee Hezekiah, ambaye si mtu wa maombi marefu, alimaliza Baba Yetu mara kadhaa na kuanza zaburi.

"Polepole, mwana wangu!"

"Dereva anaendesha, baba. Abiria anatulia."

Kwa wakwe, hema lilikuwa limejaa. Watoto walikimbilia gari wakilipigia makofi, wakasoma jina kwenye kioo kwa sauti, nao wazee wa nyumba wakaja kutazama, mikono nyuma. Msemaji wao alikuwa Dedan, mjomba wa Shiro, bibi harusi: mzee mwembamba mwenye macho ya mtu anayejua ulichoficha chini ya kitanda. Mzee Hezekiah alitambulisha wageni mmoja mmoja. Alipofika kwa Wamucii, Muchiri aliwahi kumkatiza.

"Na huyo ni dereva."

Mzee Hezekiah alisita kidogo. Halafu akaendelea na mtu anayefuata.

Wamucii alisimama pale jua limempiga usoni, akamtazama mdogo wake, yule aliyembeba mgongoni akienda kuteka maji. Alingoja amtazame. Muchiri aliyatazama maua ya hema.

Basi dereva alipewa sahani yake huko nje kwenye ua, pamoja na dereva wa pikapu na mbuzi. Ni Shiro mwenyewe aliyemletea, akiwa bado hajafunikwa leso pamoja na wasichana wengine ili bwana harusi amtambue.

"Wamucii, mbona unakula huku?"

"Madereva hula huku."

"Si Muchiri alisema unapenda tu kumwendeshea gari yake? Ati aliijenga mwenyewe pole pole, kipande kwa kipande. Nilimpenda zaidi aliponiambia hivyo. Mtu wa subira."

Wamucii alitafuna mfupa hadi ukalia. "Subira anayo," akasema. "Enda wakufunike, watakutafuta."

Wazee walikaa kwenye mahari hadi jua likaanza kuinama. Kisha Wamucii akaona kundi zima likitoka hemani, Dedan mbele, na wote wakaja kusimama karibu na gari. Dedan aligonga boneti kwa kidole, ngo, ngo, kama mtu anayepima boga.

"Wakwe zetu," akasema, "safari ile mlikuja na lori ya kabichi. Tukawahurumia. Tukasema hawa ni watu wa kung'ang'ana kama sisi, tukataja mbuzi wa huruma. Leo tumeona kumbe mlituficha! Mtu anayenunua gari ya kukimbia, isiyobeba hata kopo la maziwa, huyo ameshiba. Tumerudi kwenye hesabu. Mbuzi wanaongezeka, tena mara mbili. Na mama aliyemlea Shiro anataka ng'ombe wa maziwa na tangi la maji."

Watu wao walipiga makofi. Mzee Hezekiah alikohoa kikohozi kisicho na kamasi.

"Mkwe wangu, gari si kitu. Ni chuma tu."

"Ni chuma tu? Basi tuachieni hicho chuma, tumalize."

Kicheko kilichopanda hapo kiliwatoa hata wapishi jikoni. Muchiri alikuwa amegeuka rangi ya uji. Aliteleza hadi ubavuni mwa Wamucii, akanong'ona bila kufungua meno: "Waambie ni yako."

"Mimi?" Wamucii hakunong'ona. "Dereva?"

"Wamucii, tafadhali. Mahali pa kutoa hao mbuzi sina!"

"Mwenye gari akiongea, dereva hunyamaza."

Sasa kila mtu alikuwa anasikiliza, na Muchiri hakuwa na pa kujificha. "Gari si yangu," akasema.

Dedan alirudi nyuma hatua moja, akakitazama kioo, akalitazama jina, akamtazama Muchiri. "Kijana, mimi macho yangu bado ni mazuri."

"Ni... tuliiomba tu."

"Kutoka kwa nani?"

Mzee Hezekiah aliikagua kofia yake kama mtu aliyepoteza kitu ndani.

"Fundi wake yuko hapa," Wamucii akasema. Alimnyooshea kidole Mwai, aliyekuwa akijaribu kuwa mti. "Muulizeni huyo. Yeye humjua mwenye gari hata bila kuuliza."

Mwai alisukumwa mbele, koti la kuazima limemfika magotini. Alitazama nyasi. Alimtazama mzee Hezekiah, halafu Wamucii, na yule aliyemwogopa zaidi ndiye aliyeshinda.

"Ni ya huyu mama. Ameijenga miaka mitatu, akilipa kwa kazi ya mikono yake. Hawa walikuja tu juzi wakasema niiinue, nikainua. Sikumuuliza."

"Na huyu mama ni nani kwenu? Mlisema ni dereva."

"Ni dada yangu," Muchiri akasema.

"Sema vizuri, wazee hawasikii."

"Ni dada yangu wa kuzaliwa, Wamucii! Gari ni yake. Nilichukua bila kumuuliza."

Shiro alikuwa ametoka na wanawake, leso imemwangukia mabegani. Alimtazama Muchiri kama mtu aliyepasua yai akasikia harufu. "Kipande kwa kipande," akasema, na akarudi ndani.

Dedan alitikisa kichwa polepole. Mbuzi walirudi kuwa wale wa mwanzo, lakini waliongezewa kondoo dume mnono, faini ya kuwadanganya wakwe, na mwingine wa kumficha dada wa bwana harusi nyuma ya ua, "kwa sababu," Dedan akasema, "anayemficha dada yake leo, kesho atamficha na binti yetu." Mzee Hezekiah alikubali vyote bila kuinua kichwa. Kisha, kama mzee asiyejua kunyamaza akiwa ameanguka, akasema:

"Ni sawa. Gari ni ya Wamucii. Lakini Wamucii ni wetu."

"Mimi ni wenu," Wamucii akasema. "Gari ni yangu."

Walimkaribisha mezani, kiti cha mbele kabisa, wakamletea mbavu. Alishukuru, akasema ameshakula na mbuzi. Hasira haikuwa imeshuka hata kidogo. Alikuwa amefikiri kwamba wakikiri mbele ya watu itashuka, kumbe kukiri ni kitu kimoja na mdomo wa gari uliokatwa ni kingine. Alienda akafungua mlango.

Mzee Hezekiah alimfuata mbiombio, kofia mkononi. "Tunaondoka sasa? Giza litatukuta."

"Kuna pikapu, baba. Mbuzi wameshuka, nafasi ni kubwa."

"Mwana wangu!"

"Muchiri atakushika mkono kwenye mitaro." Akageuka. "Mwai! Wewe ingia."

Mwai aliingia mbele, akafunga mkanda kabla hajaambiwa. Wamucii aliwasha gari, bomba likanguruma hadi kuku wa wakwe wakakimbilia migombani.

"Kesho asubuhi unatoa hizo speisa," akasema.

"Kesho ni Jumapili, Wamucii. Niko na kanisa."

"Hata mimi niko na kanisa. Utatoa kwanza, halafu ndio uende utubu."