Watani Wanaotafuta Njia ya Kwihara

Mama mdogo Mwanne alikuwa ameshafungasha masufuria. Mwanawe, Shigela, angekuja mwisho wa mwezi kumhamishia Igunga, maana nyumba yake ya wageni hapa Kwihara haikuwa imepata mgeni tangu masika.

"Msomi wetu, si ulisema mtandao utaleta watu?" Shigela aliniuliza kwenye simu. "Au wanasubiri kadi za mwaliko?"

Tovuti niliitengeneza mimi, nikaijaza maneno niliyoyaona ya heshima: malazi ya kihistoria, urithi wa misafara. Ila hakuna aliyekuwa akiyaandika anapotafuta kitu, kwa hiyo tovuti yetu haikumtokea mtu yeyote.

Nikaketi barazani na kompyuta, nikaandika kwenye kisanduku cha kutafutia neno moja tu: Wanyamwezi. Hapo hapo yakajitokeza yale ambayo watu huuliza. Watani wa Wanyamwezi. Watani wa Wanyamwezi ni kina nani. Kwa nini Wazaramo ni watani wa Wanyamwezi.

Mbele yangu ilipita njia ileile ya vumbi ambayo wapagazi wetu waliishika kwenda pwani, pembe za ndovu mabegani, na huko wakapokelewa, wakagombana, wakazikana, wakawa watani. Wote wamekwisha kufa. Lakini leo kuna mtu, labda yuko kwenye foleni ya benki Dar es Salaam, bado anauliza habari zao kwa kidole gumba.

Nikafuta maneno yangu ya heshima. Juu kabisa nikaandika: Nyumba ya watani wa Wanyamwezi, Kwihara, Tabora. Chini yake nikausimulia utani kama mama mdogo anavyousimulia, matusi yake yote yakiwemo.

Mwisho wa mwezi Shigela akafika na gari. Kitanda cha kwanza kilikuwa kimeshapakiwa simu ilipoita. Mama mdogo akaweka spika.

"Hapo ni kwa Wanyamwezi?" aliuliza mwanamke. "Mimi Mzaramo wa Kisarawe, nimewaona mtandaoni. Babu zenu walikula nazi zetu wakaondoka bila kuaga. Tunakuja ukoo mzima kuzifuata!"

Mama mdogo akanyooka mgongo kama msichana. "Nazi? Mliwapa makumbi! Njooni, wavivu nyie, na maji mtachota wenyewe!"

"Vitanda mnavyo lakini?"

"Vipo. Kimoja kiko juu ya gari, kinashuka sasa hivi."

Shigela alimtazama mama yake, kisha akanitazama mimi. Akapanda nyuma ya gari, akaanza kufungua kamba.