Bata Aliyeamshwa

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe kumi na tisa Machi, saa nne na robo asubuhi, fundi seremala alipotia sahihi karatasi ambayo hakuisoma.

Mkewe alikuwa na wiki tatu kaburini. Miaka ishirini na miwili alitunga vitabu vya watoto, na kila kitabu kilipita kwanza kwenye ulimi wa mumewe. Jioni fundi alijipangusa vumbi la mbao, akakaa kwenye stuli na kusoma kwa sauti, mke kwenye stuli yake kashika penseli nyekundu. Alipokwama, neno lilikatwa.

"Utaniaibisha, mama," fundi alimwambia. "Mimi shule niliichungulia dirishani tu."

"Ndiyo maana nikakukubali. Maprofesa walipanga foleni, nikawafukuza."

Kitabu cha mwisho alikiandika akijua anakwenda. Kilikuwa cha mjukuu wao wa miaka saba, waliyemlea tangu ananyonya. Bata mzee anafumba macho, anakufa. Vifaranga wanalia weee, kisha wanajifunza kuogelea peke yao.

"Akiniulizia, msomee hiki," alisema. "Usimwambie nimesafiri."

Siku ya mazishi mtoto alipelekwa kwa shangazi yake. Aliporudi akauliza bibi yuko wapi, na fundi, ulimi mzito, akamjibu: "Subiri kitabu cha bibi kitoke. Kitakueleza chote."

Ndiyo maana Jumanne ile alikwenda kukiulizia kwenye ofisi ya vitabu vya shule, mkewe alikokipeleka. Kijana wa tai akamsukumia karatasi.

"Weka sahihi hapa, mzee, kazi isilale."

"Inasemaje?"

"Mambo ya kawaida tu."

Maneno yalikuwa marefu kama mbao za dari, na hapakuwa na mtu wa kumkatia. Akaona haya kukwama mbele ya mtoto wa watu. Akasaini.

Kitabu kilitoka Agosti. Mjukuu alimwegemea gotini, fundi akasoma. Ukurasa wa kumi na mbili bata mzee akafumba macho. Fundi akafunua ukurasa wa kumi na tatu: "Kumbe bata alikuwa amelala tu! Akaamka, akarudi kiotani, wote wakafurahi."

Mtoto akapiga makofi. Tangu siku hiyo, kila jioni anabeba stuli ya bibi na kuiweka mlangoni.

Fundi akarudi ofisini. Safari hii alipelekwa kwa mkubwa mwenyewe, mwenye kiti cha kuzunguka.

"Mzee wangu, watoto hawahuzunishwi. Ndiyo utaratibu," mkubwa alisema. "Na mabadiliko uliyakubali. Hii si sahihi yako?"

"Ni yangu." Fundi akaitazama. Aibu hiyo atakwenda nayo kaburini. Lakini si yeye aliyemwamsha bata. Wamemwamsha wao, watu waliosoma mpaka wakachoka. Akakiweka kitabu mezani, kimefunuliwa.

"Basi mkubwa, nisaidie kumjibu mjukuu wangu. Anasema bata amerudi. Bibi yake anarudi lini?"