Wapangaji wa Chini

Kwa kutunza siri, nipeni kombe langu mapema. Siri ikiingia kwangu imeingia kaburini, na aliyechimba kaburi kasahau njia. Muulizeni yeyote pale dukani tunapochapa na kujalidi vitabu, mkabala na geti la chuo: Profesa Kopi, ndivyo wanavyoniita, ana kelele kama redio ya jirani, lakini neno la mteja halimtoki.

Ndivyo nilivyojisifu asubuhi ile kwa dada yangu, tumekaa kwenye benchi nje ya chumba cha jopo la nidhamu la chuo. Nilitaka acheke. Hakucheka.

"Leo sitaki mtu wa kutunza siri, mdogo wangu," alisema. "Leo nataka useme."



Dada alikuwa amemaliza miaka miwili ya shahada ya uzamili katika nadharia ya sheria. Msidhani ni ile sheria ya kumtoa mtu rumande. Nadharia ni kuiuliza sheria yenyewe ilizaliwa na nani hata ikawa na kiburi hivi. Tasnifu yake, kurasa mia moja sabini na moja, iliuliza swali moja tu: je, ni haki kumwadhibu mtu kwa sababu alinyamaza? Hoja zake alizijaribia nyumbani, kwangu mimi, mwenye cheti cha kidato cha nne na ulimi wa uzamivu.

"Mtu kaona ubao wa daraja umeng'oka," aliniuliza siku moja huku anamenya viazi. "Mwenzake anakuja. Yeye kimya. Ana kosa?"

"Inategemea, dada. Mwenzake anajua kuogelea?"

"Acha utani. Na kama aliyeung'oa ubao ni yeye mwenyewe?"

"Hapo nadharia imeisha. Hapo ita polisi."

Alicheka siku hiyo mpaka kisu kikamponyoka.

Sasa sikilizeni nilichokifanya. Wiki ya kuwasilisha tasnifu, kompyuta yake ilizima jumla, akabaki na kila kitu kwenye flashi moja. Akaniletea saa mbili asubuhi. Nakala nne zilitakiwa ofisini kabla ya saa sita.

"Panga kurasa, chapa, jalidi. Usiguse neno."

"Niachie mimi," nikasema, akakimbilia darasa alilokuwa anafundisha.

Kufungua kabati, majalada magumu mapana yameisha. Yamebaki membamba, ambayo mgongo wake unabeba kurasa mia moja na hamsini. Ukizidisha, gundi inaachia na kitabu kinapiga miayo. Ningeweza kumpigia simu. Ningeweza kuvuka barabara kwa washindani wetu. Lakini "niachie mimi" ukishamwambia dada yako mkubwa, unaimeza vipi tena?

Nikazitazama kurasa. Chini ya kila moja kulikuwa na maandishi madogo kama sisimizi: jina la mtu, jina la kitabu, mwaka, ukurasa. Tanbihi. Nilizihesabu kwa kompyuta, mia tatu na kumi na mbili. Nani anasoma sisimizi? Amri moja tu, zote zikatoka pamoja na namba zake, zikabaki kurasa mia moja arobaini na tisa. Kitabu kikaingia kwenye jalada kama mguu kwenye soksi.

Dada alirudi saa tano na nusu akihema. Akafungua ukurasa wa shukrani, akaona jina la mama, akalibusu jalada, akatoka mbio.

Wiki tatu baadaye ikaja barua ya chuo. Wale sisimizi, kumbe, ndio waliokuwa wanasema wazo hili si langu, ni la fulani. Bila wao, mawazo ya watu wote yalisimama kana kwamba ni ya dada. Orodha ya vitabu ilikuwepo mwishoni, lakini nani angejua lipi ni la nani? Barua iliuita wizi wa kitaaluma. Jopo likiridhika kwamba ameiba, anafukuzwa chuo, na ile nafasi ya uhadhiri aliyoahidiwa inakwenda na maji. Msimamizi wake hakuwa na cha kumtetea: alisoma rasimu za awali, na tanbihi dada alizipanga mwezi wa mwisho, peke yake.

Dada aliponiuliza, nilisema printa yetu ni kizee, labda imezimeza tanbihi. Akaniamini. Hapo ndipo panaponiuma hadi leo.

Maana faili lake la mwanzo lilikuwepo. Kwenye flashi nilikuwa nimelifunika kwa lile nililolinyoa, lakini kwenye kompyuta ya dukani lilikuwa zima, na tarehe yake, na sisimizi wake wote. Kila asubuhi nililiona. Na kila asubuhi niliiona pia karatasi aliyoibandika bosi juu ya kaunta: ATAKAYEGUSA NENO LA MTEJA, AAGE KABISA. Nikawa najiambia kesho.

Kesho ikawa leo. Mlango ukafunguliwa na mlinzi, mama mmoja mnene tunayemwita Afande, mteja wetu wa kopi. Akanisogezea daftari la kusaini.

"Profesa Kopi! Leo umekuja kutuchekesha na humu?"

"Leo nimekuja kikazi, Afande," nikasema. Nikasaini, saini ikatoka kama mjusi.

Ndani kulikuwa na watu wanne na meza ndefu. Mwenyekiti, mwanamke mwenye miwani iliyoshuka hadi nchani mwa pua, alikuwa na tasnifu mbele yake na utetezi wa dada, kurasa mbili, pembeni.

"Kijana, wewe ndiye uliyeichapa hii?"

"Ndiyo, mheshimiwa hakimu."

"Mimi si hakimu. Niite mwalimu." Hakutabasamu. "Dada yako anasema printa yenu ilipoteza tanbihi. Mafundi wetu wanasema printa hukwama, hufifisha, lakini haichagui. Nina swali moja tu. Faili ulilopewa lilikuwa na tanbihi, au halikuwa nazo?"

Swali jepesi. Hata mtoto angelijibu. Nikimjibu ndiyo, watauliza zilikwenda wapi. Nikisema hapana, nimemzika dada kwa mikono yangu. Feni ya darini ilizunguka, ikazunguka. Dada alikuwa amekaa wima, mikono mapajani, ananitazama kama mtu anayetazama basi lake likikaribia.

"Mwalimu," nikasema, "kwa siku nachapa kurasa nyingi sana. Huwa sisomi. Kwa kweli... sikumbuki."

Nikaona mabega ya dada yakishuka.

"Umeitwa kama mtu pekee aliyeliona faili," mwenyekiti akasema, "na hukumbuki."

"Sikumbuki, mwalimu."

Akaandika mstari mmoja. Akaifunika kalamu kwa kifuniko chake. "Basi binti, hatuna shahidi. Jopo litaendelea na—"

"Samahani, mwalimu."

Sauti ilitoka nyuma yangu, mlangoni. Afande alikuwa amesimama na daftari lake kifuani.

"Najua si kazi yangu kusema humu. Ila huyu anakumbuka."

"Unajuaje?"

"Siku hiyo nilikwenda kwake kutoa kopi ya kitambulisho. Nikamkuta anapaka gundi kitabu hicho hicho, jina la binti lipo kwenye jalada. Akanichekesha, mwalimu, mpaka nikatafuta kiti. Nilipofika nyumbani nikamhadithia mume wangu."

"Alikuchekesha kwa lipi?"

Afande akakohoa, akaigiza sauti yangu, na aliipatia: "'Afande, leo nimewafukuza wapangaji wa chini mia tatu na kumi na mbili, bila notisi ya mahakama, na mwenye nyumba hana habari!' Nikamuuliza wapangaji gani. Akafungua kitabu akanionyesha. Akasema, 'Walikuwa wanakaa hapa.'"

Utani ule nilikuwa nimeurudia kwa wateja watano wiki ile, na wote walicheka.

Mwenyekiti aliuvuta utetezi wa dada. Kidole chake kikashuka mstari kwa mstari, kikasimama. Akasoma kwa sauti, polepole: "'Tasnifu yangu ilikuwa na tanbihi mia tatu na kumi na mbili.'" Akamtazama mlinzi. "Uliwahi kuisoma karatasi hii, mama?"

"Mimi? Hapana, mwalimu. Ndiyo kwanza naiona."

Dada hakunigeukia. Alikuwa anaitazama meza.

Mwenyekiti akaifungua tasnifu katikati, akaigeuza, akanisukumia.

"Haya, Profesa," alisema. "Nionyeshe na mimi. Walikuwa wanakaa wapi?"

Nikanyoosha kidole, nikakiweka chini ya ukurasa, penye weupe.