Shingo ya Papa Isidore

Siku ya Pasaka mwaka jana, Papa Isidore (kwetu "papa" ni baba) aliaibishwa mbele ya kanisa zima. Yeye ni mtu wa protokole katika parokia moja ya mtaa wa Nguba: anavaa skafu ya kijani, anapokea watu mlangoni na kuwaonyesha viti. Siku hiyo Cirhuza, mume wa dada yake Virginie, alifika amelewa kasiksi, pombe ya ndizi. Isidore alipomzuia, Cirhuza alimkamata shingo kwa mikono miwili, akamvuta kichwa chini na kumzungusha kama mbuzi anayepelekwa sokoni. Skafu ilianguka. Wanakwaya walicheka.

Tangu hapo hawakusalimiana. Virginie hakuweza tena kumwalika kaka yake nyumbani.

Isidore, ingawa nywele zake zilikuwa zimeanza kuwa nyeupe, alijiandikisha kwenye mafunzo ya judo, jioni baada ya kazi. Mwalimu, Ornella, alilingana kwa umri na binti yake.

"Papa Isidore, juu ya nini unarudi nyuma? Ukirudi nyuma unamupa shingo yako kadoo, zawadi ya bure!"

"Maître, ananivuta."

"Akikuvuta, wewe ingia! Kiuno karibu na kiuno. Inua kiwiko yake, pitisha kichwa chini ya kwapa, kamata mugongo. Muguu yako nyuma ya yake. Kisha ikala chini, sawa mutu mwenye anatafuta kiti."

"Maître, umusamehe," alisema Guy, kijana aliyefanya naye mazoezi. "Papa wa protokole anajua tu kuonyesha wengine kiti!"

Walicheka wote, hata Isidore.

Kila jioni, kabla ya kuvua viatu, alifanya ishara ya msalaba. "Bwana, si kwa kisasi. Ni kwa kulinda nyumba yako." Aliisema sala hiyo mara nyingi hata akaacha kuisikiliza. Guy alipomshika shingo, Isidore alifumba macho, na uso aliouona haukuwa wa Guy. Akarudia na kurudia, mpaka mwili ukaweza kufanya bila kuamriwa.

Jumapili moja Cirhuza aliingia kanisani bila harufu ya pombe, shati limepigwa pasi. Baada ya mahubiri, kama ilivyo desturi ya misa yetu, watu waliomba toba, kisha padri akawaalika wapeane amani. Cirhuza akatoka kwenye benchi, akapita katikati ya watu mpaka mlangoni aliposimama Isidore. Kwetu wanaume wanaopendana hugusanisha vichwa: upande huu, upande ule, kisha paji la uso. Cirhuza akanyoosha mikono, akamshika shingo ili wagusane.

Mwili wa Isidore haukuuliza. Kiwiko juu, kichwa chini ya kwapa, mguu nyuma. Cirhuza akaanguka chali kwenye saruji, kwa kishindo kilichonyamazisha ngoma.

Kwa pumzi moja, Isidore alifurahi.

Kisha akaiona mikono ya Cirhuza. Ilikuwa bado wazi hewani, kama inayongojea kichwa.

"Muramu," Cirhuza alimwita shemeji yake kutoka chini, "nilikuya kukupa amani."

Safari hii hakuna aliyecheka. Virginie alimtazama kaka yake, kisha akainamisha uso. Cirhuza akainuka, akatoka nje akichechemea. Isidore akavua skafu, akaiacha kwenye benchi la mwisho, akamfuata. Alitaka kusali, akayaacha maneno aliyoyazoea. Akapata haya tu: "Bwana, ilikuwa kisasi."

Cirhuza alikuwa amekaa kwenye ngazi, anajikanda nyonga.

"Walikufundisha muzuri."

"Unisamehe, muramu. Nilikungojea mwaka muzima."

"Ili unipige?"

Isidore angeweza kusema kwamba ni mwili tu. Ingekuwa rahisi, na watu wangeamini.

"Ndiyo. Ili nikupige."

Cirhuza aliendelea kujikanda nyonga. Ndani, wimbo wa matoleo ulianza. Mwishowe akasimama, polepole.

"Tia mikono mu mifuko."

Isidore akatia mmoja.

"Yote mbili! Mimi sitaki kuanguka tena."

Akatia wa pili. Cirhuza akamshika shingo. Mgongo wa Isidore ukakakamaa, kiwiko kikataka kuinuka, akakibana ubavuni. Upande huu, upande ule. Paji la uso. Cirhuza akamkandamiza chini kidogo kuliko salamu inavyohitaji, na mlangoni wanakwaya walikuwa wamejaa, wanatazama. Isidore akaacha kichwa chake kishuke.